Kutoka Kasiki hadi Ukumbi: Nyumba ya Benki Kuwa Nyumba ya Sanaa, kwa Kuzingatia Mkoa wa Singida



Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza ni kwa nini mhadhara wa Taaluma za Kiswahili umepewa mtu anayetaka kuzungumzia benki kuukuu. Nitajibu swali hilo mapema. Katika miji ya bara ya nchi yetu, na Singida ni mmoja wao, kumbi za benki zinazidi kupungukiwa na kazi. Huduma za fedha kwa simu zilianza Tanzania mwaka 2008. Na tangu Benki Kuu ilipotoa mwongozo wa uwakala mwaka 2013, mkulima wa alizeti wa Ikungi anaweza kuweka na kutoa fedha dukani kwa jirani yake bila kupanga foleni mjini. Jengo lililojengwa ili watu waje kusimama mbele ya kaunta linabaki na kaunta, watu hawaji. Linapofungwa, huzuka mapendekezo yale yale: liuzwe, libomolewe, lipangishwe liwe ghala, na wakati mwingine, kwa sauti ndogo zaidi, lifanywe nyumba ya sanaa.

Pendekezo hili la mwisho ndilo ninalokusudia kulijadili. Sizungumzii jengo moja la mtaa fulani, bali aina ya jengo na historia yake. Hoja yangu ni kwamba nyumba ya benki haiwi nyumba ya sanaa kwa kung'oa kaunta na kupaka rangi. Huwa hivyo pale tu ambapo kazi za sanaa, watu wa kuzitunza na fedha za kulilinda paa vimetangulia kuwapo. Ushahidi nitautafuta Nairobi na Zanzibar, mahali ambapo nyumba za fedha zimekwisha kugeuzwa kwa namna hiyo. Lakini nitaanzia Singida, kwa kuwa mkoa huo una jambo lake la kusema juu ya fedha na sanaa, tena la zamani kuliko benki yoyote iliyopata kufunguliwa humo.

Maneno kabla ya kuta

Mtu wa lugha huanza na maneno. Chombo cha chuma kinachohifadhi fedha za benki, Waswahili wengi leo hukiita sefu. Lakini kamusi zetu zina neno kasiki. Kasiki, katika Kiswahili cha zamani, ni mtungi mkubwa wa udongo. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, analitaja kwa maana hiyo. Kwa hiyo lilipohitajika jina la sanduku la chuma la mzungu wa benki, lugha ilikwenda jikoni kwa mfinyanzi, ikachukua chombo alichokifinyanga kwa mikono yake, ikakivisha chuma. Sijui lugha nyingi zilizofanya hivyo.

Hazina nayo imesafiri kwa njia nyingine. Ilitoka katika Kiarabu ikiwa mahali pa kuwekea mali ya mtawala. Hadi leo tunasema Hazina kwa maana ya ofisi ya fedha za serikali. Lakini mwalimu wa fasihi akisema “hazina ya methali” au “hazina ya nyimbo za jando”, hakuna mwanafunzi anayedhani kwamba methali zimefungiwa Wizara ya Fedha. Katika usemi wetu wa kila siku, nyumba ya fedha imekwisha kugeuzwa kuwa nyumba ya sanaa, wala hakuna aliyeomba kibali cha ujenzi.

Neno la tatu ni ukumbi. Katika nyumba ya Kiswahili ya pwani, ukumbi ni sehemu ya mbele, mahali anapopokewa mtu ambaye si wa ndani lakini si wa kufukuzwa. Maana ya chumba kikubwa cha mikutano na maonyesho imekuja kuzoeleka baadaye. Benki ilichukua maana zote mbili: ilikuwa na ukumbi mkubwa, na mtu wa kawaida hakuvuka ukumbi huo. Nyuma ya kaunta palikuwa ndani, na ndani hapakuwa pake. Nawaomba mlikumbuke jambo hili tutakapofika kwenye mabadiliko ya majengo, kwa maana ugumu wake mkubwa umo hapo.

Dhahabu ya Sekenke

Mwaka 1909 dhahabu iligunduliwa Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba, eneo ambalo leo limo katika Wilaya ya Iramba. Ulikuwa ndio mgodi wa dhahabu ulioipa koloni la Wajerumani matumaini makubwa zaidi. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1905, ilikuwa imeanzishwa benki ya koloni, Deutsch-Ostafrikanische Bank, iliyopewa haki ya kutoa noti za rupia. Benki iliketi pwani na dhahabu ikachimbwa bara. Kati ya viwili hivyo ilikuwapo njia ndefu, na mwanzoni hata reli haikuwapo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na noti mpya hazikuweza kuletwa kutoka Ujerumani. Benki ikaanza kuchapa noti za muda hapa hapa nchini, kwa karatasi ya namna yoyote iliyopatikana, zikitiwa sahihi kwa mkono. Serikali ya kikoloni ilipohamia Tabora, karakana ya reli ilifanywa kiwanda cha sarafu. Mwaka 1916 zilipigwa hapo sarafu za dhahabu za rupia 15, zaidi kidogo ya 16,000, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Upande mmoja una tai wa Kijerumani. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake milima. Inaelezwa kwamba aliyechonga mihuri yake alikuwa sonara kutoka Ceylon. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikawa imekwisha.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba benki ilipokosa kila kitu, ilimkimbilia fundi. Hakukuwa na noti, hakukuwa na meli, hakukuwa na mtambo wa maana. Alikuwapo sonara mwenye patasi, na mikono ya watu wa karakana. Tembo yule ni kazi ya sanaa kabla hajawa rupia 15. Pili, angalia ziliko sarafu zile leo: zimo katika makusanyo ya watu wa Ulaya na Marekani, nazo huuzwa minadani kwa bei ambayo halmashauri ya wilaya haiwezi hata kuiwaza. Kitu cha sanaa chenye sifa kubwa kuliko vyote vilivyotokana na ardhi ya Singida hakina hata nakala ya plasta ambayo mtoto wa Shelui anaweza kwenda kuitazama karibu na kwao. Anayefikiri kwamba tatizo la mkoa huu ni ukosefu wa jengo, naomba aanze kwa kulitafakari hilo.

Zizi, boma na tawi

Benki ilichelewa kufika bara, lakini haikufika mahali pasipo na akiba. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wanyaturu mwishoni mwa enzi ya ukoloni na kuchapisha kitabu mwaka 1970, alishikilia kwamba ng'ombe katika jamii hiyo walifanya kazi za fedha: walitunza thamani, walibadilishwa kwa nafaka, walizaa. Wapo waliompinga kwa kuona kwamba amemfanya mfugaji kuwa mfanyabiashara wa soko la hisa. Mimi naona alitia chumvi, lakini msingi wa hoja yake haukuwa mbaya. Mwenye zizi alijua faida, alijua hasara, na alijua maana ya kumwekea mwenzake mnyama wa amana.

Fedha ya sarafu ililetwa na kodi. Wajerumani waliweka kodi ya nyumba mwaka 1897, na katika eneo hili nguvu ya kuidai ilikaa katika maboma yao, likiwamo la Kilimatinde katika nchi ya Wagogo, na la Mkalama upande wa kaskazini. Boma lilikuwa kambi, mahakama, gereza na sanduku la fedha kwa pamoja. Kwa mkulima wa wakati ule, nyumba ya kwanza yenye fedha ndani yake ilikuwa nyumba yenye askari mlangoni. Upinzani wa Wanyaturu dhidi ya utawala huo umeandikwa na Marguerite Jellicoe, na jina la mwanamke mmoja, Liti, anayesimuliwa kwamba aliwakabili Wajerumani kwa nyuki, limebaki midomoni mwa watu na baadaye likapewa uwanja wa mpira wa Singida. Nyuki dhidi ya bunduki: habari kama hiyo ingeandikiwa tamthilia ishirini katika nchi nyingine.

Chini ya Waingereza, benki za kibiashara, yaani Standard, Barclays na National and Grindlays, zilifuata bandari na mazao ya kuuza nje. Mtu wa bara mwenye kipato kidogo alijua zaidi akiba ya posta. Mageuzi makubwa yalikuja baada ya Azimio la Arusha. Tarehe 6 Februari 1967 benki zilitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, na katika miaka iliyofuata matawi yakaenea hadi wilayani. Mkoa wa Singida wenyewe ulikuwa mchanga wakati huo, umeundwa mwaka 1963 kutokana na uliokuwa Jimbo la Kati. Wanaoikumbuka miaka ya 1970 wanajua kwamba tawi la NBC lilikuwa mojawapo ya alama za mji, pamoja na posta, kituo cha polisi na ofisi ya chama. Wafanyakazi walikwenda huko kila mwisho wa mwezi, na vyama vya ushirika vilikwenda wakati wa msimu.

Sheria ya mwaka 1991 ilifungua mlango kwa benki binafsi. Mwaka 1997 NBC iligawanywa: ikazaliwa NBC mpya, ikazaliwa NMB iliyorithi sehemu kubwa ya matawi ya wilayani, na ikabaki kampuni hodhi ya kushika mali zilizosalia. Kwa mhifadhi wa majengo mwaka huo una uzito wa pekee, maana tangu hapo biashara ya benki na jengo la benki vingeweza kuwa na wamiliki tofauti. Anayetaka kugeuza jengo la namna hii hana budi kuanza kwa kuuliza hati iko mikononi mwa nani. Nimeona mikutano ya wapenda sanaa ikijadili rangi ya mapazia kabla ya swali hilo.

Jengo la Moi Avenue

Kielelezo kilicho wazi kuliko vyote katika Afrika ya Mashariki kiko Nairobi. Katikati ya jiji, katika barabara inayoitwa leo Moi Avenue, na zamani Government Road, limesimama jengo la mawe lenye nguzo, lililokuwa la Bank of India. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 jengo hilo ni makao ya Nyaraka za Taifa za Kenya, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Vyumba vya fedha vikawa vyumba vya karatasi, na karatasi zenyewe ni zile za makamishna wa wilaya, mahakama na wizara. Lakini mtu anayeingia kutoka barabarani hakutani kwanza na karatasi. Hukutana na sanaa: vinyago, ngao, vitambaa, mapambo na picha, katika ukumbi wa chini wenye jina la Joseph Murumbi.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911, mama yake Mmaasai na baba yake Mgoa. Alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya kwa miezi michache ya mwaka 1966, kisha akaacha siasa. Mwaka 1972 yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, nyumba ya maonyesho na biashara ya sanaa ya Kiafrika iliyokuja kujulikana duniani. Kwa miaka mingi alikusanya vitu vya sanaa, maelfu ya vitabu, nyaraka na stempu. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mkusanyiko huo ilichukuliwa na Serikali ya Kenya kwa kuuziwa, ingawa inafahamika kwamba wanunuzi wa nje wangeweza kutoa zaidi. Alifariki mwaka 1990.

Hapa ndipo pana fundisho, nalo ni chungu kidogo. Murumbi alikuwa pia na nyumba Muthaiga, iliyojengwa na mtu aliyeipenda sanaa kwa ajili ya sanaa. Nayo aliiuzia serikali, akitarajia iwe taasisi ya masomo ya Afrika. Haikuwa. Iliachwa ikaharibika na mwisho ikabomolewa. Nyumba iliyokusudiwa kwa sanaa imetoweka, ilhali nyumba iliyokusudiwa kwa rupia na shilingi ndiyo iliyohifadhi kazi zake hadi leo.

Kwa nini? Kuta nene za benki zilisaidia, lakini Muthaiga nako kulikuwa na kuta. Tofauti ni kwamba jengo la mjini lilipata taasisi yenye sheria yake, wafanyakazi wenye mishahara, na wajibu wa kufungua mlango kila siku ya kazi. Mkusanyiko ulikuwapo kabla ya ukumbi. Ukumbi ulipopatikana, ulipata kitu cha kuwekwa ndani. Aidha, sanaa haikuachwa ijitegemee. Iliingia ikiwa imeshikwa mkono na nyaraka, na wanaokwenda kutafuta faili la shamba la babu yao hujikuta wamesimama mbele ya kinyago. Jengo lenye sababu mbili za kutembelewa hufa kwa shida zaidi kuliko jengo lenye sababu moja.

Forodhani

Zanzibar hatuna benki, tuna forodha, lakini nazo ni ndugu. Nyumba ya forodha ni mahali ambapo mtawala alihesabu karafuu na pembe za watu na kuchukua fungu lake. Katika jengo la Forodha ya Zamani la Mji Mkongwe kilianza kufundishia, mwaka 2002, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Vijana na wazee walijifunza hapo udi, kanuni, fidla, ngoma na taarabu, wakitazama bahari ile ile iliyoleta ushuru. Jirani yake, Ngome Kongwe, iliyopata kuwa gereza na baadaye karakana ya reli ya Bububu, ilikwisha kuwa uwanja wa maonyesho. Tamasha la filamu la ZIFF lilianza mwaka 1998, na Sauti za Busara mwaka 2004.

Mambo haya husifiwa, na yanastahili sifa. Lakini kati ya 2019 na 2020 chuo hicho cha muziki kilikaribia kufungwa kwa kukosa fedha, baada ya misaada ya nje iliyokitegemeza kupungua. Jengo lilikuwapo, wanafunzi walikuwapo, watalii walikuwapo kwa maelfu barabarani, na bado mshahara wa walimu ulikuwa kitendawili. Ikiwa hali ni hiyo katika mji ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, tusijidanganye kuhusu mji wa bara ambao mgeni huupita usiku ndani ya basi la Mwanza.

Sheria, paa na mlango wa pili

Sasa turudi Singida tukiwa na macho ya Nairobi na Zanzibar.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye hulindwa iwapo Waziri atayatangaza. Sheria hiyo hiyo inautaja mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940, jambo linalotuonyesha kwamba waliotunga walikuwa wakiifikiria pwani. Mlango wa Bagamoyo una mtetezi. Ukumbi wa benki wa miaka ya 1960 hauna, mpaka mtu aombe. Kwa mkoa wa bara, ambao karibu majengo yake yote ya mawe na saruji ni ya baada ya 1863, sheria hii ni mwavuli uliofunguliwa kwenye nyumba ya jirani. Hili linaweza kurekebishwa kwa kalamu, na ni ajabu kwamba halijarekebishwa.

Kisha kuna jengo lenyewe. Benki hujengwa ili mtu asiingie na, akiingia kwa nguvu, asitoke. Mlango wa umma ni mmoja. Madirisha yana nondo. Nyumba ya maonyesho inahitaji kinyume chake: lazima uwepo mlango wa pili, mpana, unaofunguka kwa nje, ili moto ukizuka watu watoke bila kukanyagana. Nondo zikatwe au zitiwe bawaba. Sakafu ngumu, dari iliyo juu na kuta tupu hurudisha sauti hadi maneno ya mwigizaji yakapotea. Mikeka, mapazia mazito na viti vya mbao vinaweza kupunguza mwangwi huo kwa gharama ndogo. Paa likaguliwe kwanza, hasa likiwa la asbesto, kwa sababu kulivunja ovyo ni hatari kwa mapafu ya mafundi. Sehemu iliyoinuliwa nyuma ya kaunta, kama ipo, hufaa kuwa jukwaa. Na kasiki, kile chumba cha hazina chenye mlango wa chuma, kinavutia kila mtu kama mahali pa kuhifadhi vikapu, vibuyu, picha na kanda. Tahadhari: chumba kisichopitisha hewa huota ukungu. Kikapu cha ukindu kitaoza ndani ya chuma upesi kuliko kikining'inizwa jikoni kwa bibi. Kitobolewe matundu ya hewa, au kiachwe wazi kama kivutio tu.

Yupo atakayeniuliza, na ni swali la haki: ngoma za Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu huchezwa uwanjani, vumbi likipanda, zeze na marimba za Wagogo wa Manyoni husikika vizuri chini ya mbuyu, kwa nini kuziingiza benki? Jibu langu ni kwamba zisiingizwe. Benki huwa na ua, mahali pa kuegesha gari la fedha. Ua huo ndio uwe uwanja wa ngoma, na ukuta wake wa nyuma ubomolewe upande mmoja ili mpita njia aone bila kulipa. Ndani pabaki kwa mambo yanayohitaji kivuli na utulivu: kufundishia, kusikiliza kanda za zamani za Redio Tanzania, kusoma tamthilia, kutazama filamu, kuonyesha picha. Iramba ina miamba yenye michoro ya kale, ambayo wenyeji wengi wa mjini hawajaiona. Picha kubwa za michoro hiyo zingetosha kwa maonyesho ya kwanza, na nakala ya sarafu ya Tabora kwa ya pili.

Gumu kuliko mlango wa pili ni ile kaunta isiyoonekana. Mtu aliyezoea kwamba jengo lile ni la wenye akaunti hataingia kwa sababu tu bango limebadilishwa. Kwa muda mrefu mwanamke wa kijijini alifika pale akiwa amevaa nguo yake bora, akaambiwa asubiri, akapewa fomu ya Kiingereza. Siku ya kwanza ya ukumbi wa sanaa ataanza tena kwa kusimama nje. Kwa hiyo lugha ya mabango na ya matangazo iwe Kiswahili, na watangazaji wawe na Kinyaturu na Kinyiramba mdomoni. Saa za kufungua zisiwe saa za benki. Na wasusi wa vikapu waitwe kabla ya mchoraji ramani, waulizwe wanataka kukaa wapi na kuuzia wapi, kwa maana wao ndio mkusanyiko wa Murumbi wa Singida, nao bado wako hai.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa kuwa yanajulikana. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliwapa wananchi, serikali na sekta binafsi sehemu zao, lakini sera haizibi paa linalovuja. Halmashauri ikikubali jengo bila kuweka kifungu cha matengenezo katika bajeti yake ya kila mwaka, ni afadhali ikatae. Pango la chumba cha mbele kwa wakala wa fedha kwa simu lingeweza kulipa umeme. Sioni aibu yoyote benki ikirudi kama mpangaji mdogo katika nyumba yake ya zamani.

Nimalizie na funguo. Katika matawi ya benki, chumba cha hazina hakikufunguliwa na mtu mmoja. Funguo zilikuwa mbili, kwa maofisa wawili, na hakuna aliyeingia bila mwenzake. Napendekeza desturi hiyo iachwe kama ilivyo: ufunguo mmoja kwa ofisa utamaduni wa halmashauri, na wa pili kwa mwenyekiti wa chama cha wasanii, atakayechaguliwa na wasusi, wapiga zeze na waigizaji wenyewe.